Kondoo Ndiye Mgonjwa wa Kwanza: Mhadhara kuhusu Homa ya Bonde la Ufa



Nimeombwa nizungumzie utafiti wa virusi vinavyowaambukiza binadamu na wanyama. Uwanja huo ni mpana. Kichaa cha mbwa kimo, mafua ya ndege yamo, Ebola imo, na UVIKO-19, ambao simulizi zake hazijaisha, umo. Nikivipitia vyote kwa muda niliopewa, mtarudi nyumbani na orodha ya majina. Kwa hiyo nimechagua kirusi kimoja tu. Kilitambuliwa hapa Afrika Mashariki, kinaua mifugo yetu na watu wetu, na kimefanyiwa utafiti kwa zaidi ya miaka tisini. Ni kirusi cha homa ya Bonde la Ufa.

Hoja yangu ni moja, na ninaitaja mapema ili mnipime nayo. Katika ugonjwa huu binadamu hatangulii kuugua. Kwa kawaida, kabla mtu hajalazwa hospitalini akitokwa damu puani, kondoo wameshatupa mimba, wanakondoo wameshakufa, na mfugaji ameshaona. Sehemu kubwa ya elimu tuliyo nayo juu ya kirusi hiki ilipatikana kwa kumtazama mnyama na mbu kabla ya kumtazama mtu. Milipuko iliyotuumiza zaidi ilitukuta tumekaa hospitalini tukisubiri.

Naivasha, 1930

Mwaka 1930, kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, wanakondoo walianza kufa wakiwa na umri wa siku chache tu. Mwanakondoo aliyeonekana amezubaa asubuhi aliweza kuwa maiti kabla ya siku kwisha. Kondoo wenye mimba walizitupa. Taarifa za ugonjwa unaofanana na huo zilikuwa zimetoka Bonde la Ufa tangu 1912 na 1913, ila hakuna aliyekuwa ameuchunguza ukaeleweka. Safari hii waliingia kazini watu wa maabara ya mifugo ya Kabete, karibu na Nairobi: R. Daubney na J. R. Hudson, madaktari wa mifugo. Pamoja nao alikuwapo P. C. Garnham, daktari wa binadamu.

Walipowapasua wanakondoo waliokufa, dalili kuu waliikuta kwenye ini. Lilikuwa limeharibika vibaya, lina madoa mengi ya sehemu zilizokufa. Wakachukua damu ya wagonjwa, wakaipitisha kwenye chujio lenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hawapiti, kisha wakawadunga kondoo wazima kile kilichopenya. Kondoo wakaugua. Wakati ule kirusi hakikuweza kuonekana, kwa kuwa darubini za elektroni hazikuwa zimeingia maabara. Kilijulikana kwa matendo yake: kinapita mahali bakteria anakwama, na kinazaliana ndani ya kiumbe hai pekee.

Watafiti hao waliona mambo mawili zaidi, na ninyi wanafunzi ningependa myashike vizuri. La kwanza, wachungaji waliowahudumia kondoo wale walipata homa, na watafiti wenyewe, walioshika damu na maini, nao wakaugua. La pili, kondoo walipoondolewa ufukweni mwa ziwa wakapandishwa kwenye malisho ya nyanda za juu, ugonjwa ulikoma. Kondoo walikuwa wale wale na mchungaji yule yule, ila hewa ilikuwa ya baridi na mbu walikuwa wachache. Hapo ndipo mbu alipoanza kushukiwa.

Makala waliyoichapisha mwaka 1931 ilitaja katika kichwa chake kondoo, ng'ombe na binadamu kwa pamoja. Madaktari wawili wa mifugo na mmoja wa watu walikuwa wameandika makala moja juu ya ugonjwa mmoja. Leo tunaandaa warsha za siku tatu kuwaomba watu wa fani hizo mbili wakae meza moja. Mwaka 1931 walikaa kwa sababu kirusi hakikuwapa njia nyingine.

Tumbili mitini Entebbe

Miaka michache baadaye, mwaka 1936, Rockefeller Foundation ilianzisha kituo cha kutafiti homa ya manjano mjini Entebbe, Uganda. Kituo hicho kimebadilishwa jina mara kadhaa, na leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Kilichokusudiwa ni kuchunguza ugonjwa mmoja. Kilichopatikana ni msururu wa virusi ambavyo dunia haikuwa imevisikia.

Mwaka 1937 kirusi cha Nile Magharibi kilipatikana katika damu ya mwanamke mmoja wa eneo lenye jina hilo. Mwaka 1943 kirusi cha Bunyamwera kilipatikana kwa mbu waliokusanywa magharibi mwa Uganda, na jina hilo la kijijini sasa limo ndani ya jina la kundi zima la virusi, ambalo kirusi cha homa ya Bonde la Ufa ni mmoja wa wanachama wake. Mwaka 1944, katika msitu wa Semliki, K. C. Smithburn na wenzake walikipata kirusi cha homa ya Bonde la Ufa chenyewe ndani ya mbu. Shuku ya Naivasha ikapata ushahidi.

Mbinu yao mojawapo inahusu sana hoja yangu. Katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, waliwaweka tumbili ndani ya vizimba juu ya majukwaa mitini, kwenye kimo ambacho mbu wa msituni hupita. Tumbili hao walikuwa walinzi. Mmoja akipata homa, damu yake inapelekwa maabara. Aprili 1947 tumbili mmoja alipata homa, na katika damu yake kikapatikana kirusi ambacho hakikuwa cha homa ya manjano. Kikaitwa Zika.

Kwa miaka sitini Zika ilikuwa habari ya wataalamu wachache. Mwaka 2007 ikazuka katika kisiwa cha Yap kwenye Bahari ya Pasifiki, mwaka 2015 ikaenea Brazil, na watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Madaktari walipouliza kirusi hiki ni kipi, jibu lilikuwa limeandikwa Entebbe tangu 1947, kwa sababu tumbili alipimwa homa. Utafiti wa namna hii ni mgumu kuuombea fedha. Faida yake haionekani ndani ya mwaka wa bajeti, na mtu aliyeufanya mara nyingi hayupo tena siku unapohitajika.

Kirusi chenyewe, na jinsi kinavyomfikia mtu

Kirusi cha homa ya Bonde la Ufa kinabeba maelekezo yake ya uzazi katika vipande vitatu vya RNA: kikubwa, cha kati na kidogo. Kipande cha kati kina maelekezo ya protini za ganda la nje, ambazo kirusi hutumia kuishika seli na kuingia, na ambazo mwili hujifunza kuzitambua. Kipande kidogo kina maelekezo ya protini iitwayo NSs. Seli ikivamiwa hutoa interferoni, kemikali inayoziamsha seli jirani zijihami. NSs huizuia seli isiitoe. Jirani hapati habari, na kirusi kinaendelea kuzaliana. Ishikeni protini hiyo, maana tutakapofika kwenye chanjo itarudi.

Kwa mifugo madhara yake ni makubwa. Kondoo wenye mimba wakiambukizwa, karibu wote huzitupa. Wanakondoo wachanga hufa zaidi ya asilimia 90, ilhali kwa kondoo wakubwa vifo vinaweza kushuka hadi asilimia 10. Mbuzi, ng'ombe na ngamia nao huambukizwa. Mfugaji akiona nusu ya zizi imetupa mimba katika juma moja, hahitaji maabara kumwambia kwamba jambo limeharibika.

Kwa binadamu mambo hujificha. Walio wengi hupata homa, kuumwa kichwa, misuli na viungo, na kupona ndani ya wiki moja. Katika zahanati nyingi mtu huyo hupewa dawa ya malaria na kurudi nyumbani. Kati ya asilimia 0.5 na 2 hupata madhara ya macho, na wengine hubaki hawaoni vizuri. Chini ya asilimia 1 hupata uvimbe wa ubongo. Chini ya asilimia 1 hutokwa damu puani, kwenye fizi na katika matapishi, na katika hao karibu nusu hufa.

Sasa linganisheni viwango hivyo na takwimu za mlipuko wa mwaka 2007 hapa Tanzania. Ugonjwa ulianzia mkoa wa Arusha ukasambaa mikoani, Dodoma ikaathirika kuliko kwingine. Shirika la Afya Duniani liliandika wagonjwa 264 na vifo 109. Hiyo ni zaidi ya asilimia 40! Je, kirusi kilikuwa kimegeuka kikawa kikali kiasi hicho? La. Tulihesabu waliofika hospitalini wakiwa mahututi. Walioumwa kichwa siku tatu wakapona hawakuandikwa popote. Hospitali iliona ncha tu ya ugonjwa, na ilikuwa imechelewa.

Na mtu huambukizwaje? Mbu anaweza kumwambukiza, lakini njia kuu ni damu na majimaji ya mnyama mgonjwa: wakati wa kuchinja, kuchuna, kupasua nyama, kumzalisha kondoo, au kuokota mimba iliyotupwa bila kuvaa glovu. Maziwa mabichi yanashukiwa. Kula kibudu ni hatari, na hatari hiyo huanza wakati wa kumchuna na kumkatakata, kwa kuwa moto wa kutosha huua kirusi jikoni, lakini mpishi ameshashika damu kabla sufuria haijachemka. Maambukizi ya moja kwa moja kutoka mtu hadi mtu hayajathibitishwa. Kwa maneno mengine, nyuma ya wagonjwa wengi yupo mnyama, na mara nyingi mnyama huyo ana mwenyewe anayejulikana kwa jina.

Mlipuko wa 1997 na 1998 kaskazini mashariki mwa Kenya ulilionyesha hilo kwa hesabu. Mvua za El Niño zilikuwa zimeifanya nchi kavu ya Garissa kuwa ziwa. Watafiti walipopima damu za wakazi baadaye, walikadiria kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake. Walipotafuta nini kiliwatofautisha walioambukizwa na wasioambukizwa, mambo mawili yalijitokeza: kugusa majimaji ya mwili wa kondoo, na kulaza mifugo ndani ya nyumba ya kuishi. Familia zilizokuwa zimezingirwa na mafuriko zilipanda na wanyama wao kwenye vilima vichache vilivyobaki vikavu. Ni nani angemwacha kondoo wake azame?

Mayai yanayongoja mvua

Kilichowasumbua watafiti kwa miaka mingi ni swali hili: kati ya mlipuko na mlipuko, kirusi kinakaa wapi? Kenya ilipata milipuko mikubwa, kisha miaka mitano, minane, kumi ikapita kimya. Mnyama aliyepona hakai na kirusi mwilini maisha yake yote. Mbu mkubwa haishi miaka.

Jibu lilianza kupatikana Kenya, na lilichapishwa mwaka 1985. K. J. Linthicum, F. G. Davies na wenzao walikwenda kwenye mbuga za tope, yale mabonde yasiyo na kina ambayo hujaa maji wakati wa masika na kukauka kiangazi, katika kipindi ambacho hakukuwa na mlipuko. Waliokota viluwiluwi vya mbu wa jamii ya Aedes, wakavikuza maabara hadi vikawa mbu. Mbu hao hawakuwa wamemuuma mnyama yeyote tangu kuzaliwa. Hata hivyo, baadhi yao walikuwa na kirusi. Njia iliyobaki ni kukirithi kutoka kwa mama, kupitia yai.

Mbu hawa hutaga kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa maji. Mayai yao yanahitaji kukauka kwanza, na yanaweza kuvumilia ukame wa miaka. Mbuga ikifurika, huanguliwa kwa wingi na kwa pamoja. Mbu wachache kati yao huwa wameshabeba kirusi, na wanapowauma mifugo waliokuja kunywa maji, ugonjwa huanza. Lakini Aedes peke yake haleti mlipuko mkubwa. Maji yakidumu wiki kadhaa, huja mbu wa jamii ya Culex, ambao hutaga juu ya maji yenyewe na kuzaliana kizazi baada ya kizazi. Hao huinyonya damu ya mifugo walioambukizwa, yenye virusi tele, na kuueneza ugonjwa kutoka zizi hadi zizi. Mvua kubwa ya siku tatu haitoshi. Inahitajika mvua inayofanya maji yakae.

Ugunduzi huo ulibadilisha namna ya kufikiri. Ikiwa ugonjwa unafuata maji, basi anayeweza kuyaona maji mapema anaweza kuuona ugonjwa mapema. Mwaka 1999 Linthicum na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba joto la bahari na ukijani wa mimea, unaopimwa kwa setilaiti, vingeweza kutabiri milipuko ya Kenya. Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi ya magharibi zikipata joto kwa wakati mmoja, mvua za vuli kwetu huzidi kipimo, nyanda kavu hugeuka kijani, na mbuga hujaa.

Mwaka 2006: onyo lilitangulia

Mwaka 2006 utabiri huo ulijaribiwa kwa kweli. Kati ya Septemba na Novemba, wataalamu wa shirika la anga la Marekani, NASA, walitoa maonyo kwamba Pembe ya Afrika iko hatarini. Walipoandika tathmini yao baadaye walisema onyo lilitangulia ugonjwa kwa wiki mbili hadi sita. Wagonjwa wa kwanza wa Garissa waliugua kuelekea Desemba. Maabara ikathibitisha katika nusu ya pili ya Desemba. Mifugo ikaanza kuchanjwa Januari 2007, watu wakiwa wameshakufa. Hadi Machi Kenya ilikuwa imeandika wagonjwa 684 na vifo 155. Somalia iliandika 114 na vifo 51. Ya Tanzania nimeshaitaja.

Setilaiti ilifanya kazi yake, lakini kati ya setilaiti na sindano ya chanjo kulikuwa na barua, vikao, magari yasiyo na mafuta, barabara zilizokatika, na swali lililorudiwa kila ofisi: tuna hakika gani? Kila mtu alingoja uthibitisho, na uthibitisho uliokuwa ukingojwa ulikuwa wa mtu aliyekufa.

Kuna jambo moja katika taarifa za mlipuko ule ambalo halisemwi vya kutosha. Watafiti waliokwenda kuwahoji wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya waligundua kwamba wafugaji hao waliutambua ugonjwa mapema kuliko mifumo ya kimataifa, na kwa uhakika zaidi. Waliona mvua isiyo ya kawaida. Waliona mbu kwa mawingu, wa aina waliyoikumbuka kutoka 1997. Waliona mimba zinatupwa na wanyama wanatokwa damu puani. Waliweza kusimulia mfuatano mzima: mvua, baada ya wiki kadhaa mbu, baada ya wiki nyingine mifugo, baada ya wiki nyingine watu. Kila hatua ilikuwa na nafasi ya kuingilia, na zote zilipita.

Mtauliza: kama waliona, mbona hawakusema? Baadhi walisema, hawakusikilizwa. Wengine walinyamaza, na walikuwa na sababu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inamkemea anayeficha. Mtafiti inampasa aulize anaficha kwa nini. Mfugaji akitoa taarifa, minada inafungwa, mifugo inazuiwa kuvuka mpaka wa wilaya, machinjio yanafungwa, bei inaanguka. Ada ya shule ya Januari inatoka wapi? Wachumi waliokadiria hasara ya Kenya katika mlipuko ule walifikia shilingi za Kenya bilioni 2.1, na hasara hiyo haikuishia kwa mfugaji. Ilimkuta mchuuzi wa mbuzi, dereva wa lori, mchuna ngozi, mwenye bucha, na kibarua wa machinjio ambaye asipofanya kazi leo hali kesho.

Ukubwa wa adhabu hiyo unaonekana vizuri ng'ambo ya bahari. Mwaka 2000 ugonjwa ulizuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya bara la Afrika na visiwa vyake. Kirusi kilichopatikana huko kilifanana mno na cha Afrika Mashariki cha 1997 na 1998. Saudi Arabia ikawazuia mifugo wa Pembe ya Afrika, na kwa Somalia, ambayo kondoo na mbuzi wanaopelekwa Uarabuni msimu wa hija ndio uti wa mgongo wa biashara yake, marufuku hiyo ilidumu hadi 2009. Ukimwambia mfugaji wa Hargeisa au Garissa atoe taarifa mapema, anaikumbuka miaka hiyo.

Chanjo: tulichonacho na kinachokuja

Chanjo ya zamani kuliko zote ilitoka kwenye kirusi kile kile cha Semliki cha 1944. Smithburn alikipitisha mara nyingi katika ubongo wa panya hadi kikadhoofika. Ni chanjo hai, rahisi kutengeneza, na dozi moja hutoa kinga ya muda mrefu. Kasoro yake ni kubwa: inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe, au azae kilema. Kumbukeni kwamba mfugaji anamchanja kondoo ili asitupe mimba. Ipo chanjo ya kirusi kilichouawa, isiyo na hatari hiyo, lakini kinga yake ni hafifu na inahitaji kurudiwa, jambo gumu kwa mfugaji anayehama.

Ya tatu ilipatikana kwa bahati na kwa macho makini. Mwaka 1974 kirusi kilichukuliwa kutoka kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati ambaye ugonjwa wake haukuwa mkali. Miaka mingi baadaye, watafiti waliokuwa wakikitenganisha maabara walikuta kizalia kimoja, wakakiita Clone 13, ambacho kimepoteza takriban asilimia 70 ya maelekezo ya ile protini ya NSs. Kirusi kisichoweza kuizuia seli isitoe interferoni hakifiki mbali: mwili unakishinda na unabaki na kumbukumbu yake. Afrika Kusini iliisajili chanjo hiyo kwa mifugo mwaka 2010.

Ya nne inaendelea kufanyiwa kazi, na mmoja wa viongozi wake ni Mkenya, George Warimwe, mtafiti wa Kilifi na Oxford. Inaitwa ChAdOx1 RVF. Imejengwa juu ya kirusi cha mafua ya sokwe kisichoweza kuzaliana, kilichopewa maelekezo ya protini za ganda la kirusi chetu. Teknolojia hiyo hiyo ilitumika baadaye kutengeneza chanjo ya UVIKO-19 ya Oxford na AstraZeneca. Kinachonivutia ni mpango wa utafiti wenyewe: chanjo moja kwa mifugo na kwa watu. Imejaribiwa kwa kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, na majaribio ya awali kwa watu yamefanyika Uingereza na Uganda. Hadi ninapozungumza, hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida ya binadamu.

Lakini hata chanjo bora ikichelewa inaweza kudhuru. Mlipuko ukishaingia kundini, mchanjaji anayetumia sindano moja kwa wanyama wengi anaweza kukihamisha kirusi kutoka kwa aliyeambukizwa hadi kwa mzima. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuchanja kabla ya mafuriko. Na kuchanja kabla ya mafuriko maana yake ni kutumia fedha wakati jua linawaka na hakuna anayeumwa.

Yanayowezekana kesho

Tanzania ilianzisha Dawati la Afya Moja, la kuratibu afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kenya ina kitengo cha pamoja cha wizara ya afya na ile ya mifugo. Hatua hizo ni njema na sitazibeza. Ila dawati lililopo makao makuu halitoshi ikiwa huku wilayani mganga na afisa mifugo hawana namba ya simu ya mwenzake. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, tuwe na makundi ya mifugo walinzi kwenye mbuga zinazojulikana, yanayochukuliwa damu kabla na wakati wa mvua, kama tumbili wa Zika walivyolinda msitu. Kingamwili mpya katika kondoo kumi zingetuambia zaidi ya maiti kumi.

Pili, fedha za chanjo zitengwe mapema na zifunguliwe na utabiri. Bahari zikipata joto na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza mvua za kupindukia, sindano zitoke bohari bila kungoja uthibitisho wa maabara. Zipo nyakati tutachanja na ugonjwa usije. Tukubali gharama hiyo, kwani ni ndogo kuliko ya kufunga minada ya nchi nzima.

Tatu, mfugaji anayetoa taarifa asiadhibiwe. Alipwe fidia kwa mimba zilizotupwa na wanyama waliokufa, na zuio la biashara liwe la eneo husika na la muda unaotajwa, si la mkoa mzima bila tarehe ya mwisho. Bila hilo tutaendelea kuwahubiria watu uaminifu unaowafilisi.

Nne, katika kila zahanati ya eneo la wafugaji, mgonjwa wa homa aulizwe swali moja la nyongeza: wiki hii umechinja, umezalisha au umegusa mnyama mgonjwa? Swali hilo halihitaji umeme wala mashine, na jibu lake likiandikwa daftarini, litamfikisha afisa mifugo kwenye zizi siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, mafuriko yatarudi, kwa kuwa bahari hazikomi kupata joto. Mbuga zitajaa, mayai yataanguliwa, na kirusi kitaamka mahali fulani tunapopajua tayari. Baada ya mlipuko ujao, kaeni mtazame rejesta ya taifa na mwangalie nani aliandikwa wa kwanza. Akiwa ni kondoo, na tarehe yake ikiwa imetangulia ya mtu yeyote, mtajua kwamba utafiti wa miaka tisini umefika ulipotakiwa kufika. Akiwa ni mtu, mje mtuulize sisi watafiti, na muwaulize wanaotunga bajeti, tulikuwa tunafanya nini.